Picha Zilizobaki Kibingo

Senene walikuwa wamefungwa kwenye jani la mgomba lililobabuliwa motoni, kamba imepigwa mafundo mawili, na nilipoinusa ile harufu ya chumvi na kitunguu nilijua aliyewakaanga hakuwa na haraka. Mwanamke anayekaanga senene namna ile ana mtu anamfikiria.

Nikawaweka katikati ya meza, nikakaa, nikamsubiri mume wangu atoke kuoga.

"Baba Kantengwa," nilimwambia alipotokea na taulo shingoni, "hawa kakupa nani?"

Rwezaura aliitazama meza, kisha akautazama mlango, kana kwamba mlango ungemsaidia.

"Umepekua begi langu?"

"Begi linanukia mpaka jikoni. Nani?"

"Siyo wangu."

"Sijauliza ni wa nani. Nimeuliza kakupa nani."

Akashusha pumzi. "Mackrine."

Lo! Afadhali angetaja jina la nyoka.

Huku kwetu mwanamke hahangaiki na senene bure. Anawakimbiza kwenye majani yenye umande, anawanyonyoa mabawa na miguu mmoja mmoja mpaka vidole vinamuuma, anawakaanga, anawafunga, halafu anampelekea mwanaume wa nyumba yake. Zamani mwanamke mwenyewe hakuonja hata mmoja. Na mwanaume akishakula, hasemi asante kwa mdomo tu. Anakwenda dukani anarudi na kitenge kipya. Ndivyo mama yangu alivyoishi na baba kule Kituntu, ndivyo na mimi nilivyoishi na Rwezaura tangu anioe. Sasa mwanamke mwingine ameokota, amenyonyoa, amekaanga, amefunga. Na si mwanamke yeyote. Ni yule aliyekuwa mchumba wake kabla yangu.

Mume wangu ni mwanaume mzuri, na hapo ndipo shida yangu ilipoanzia. Mrefu, mtaratibu, sauti yake ya chini chini. Akinunua kahawa vijijini wanawake wanamkaribisha chai hata kama hawana kahawa ya kuuza. Huyo Mackrine walipendana miaka miwili. Wakaachana kwa sababu mama mkwe wangu, aliyeko Muleba, alisema mwanawe hawezi kuoa mwanamke aliyemzidi umri. Nilijua hayo yote, nikayameza. Nisilolijua ni kwamba siku ya harusi yangu, yule mpiga picha aliyeletwa na kamati kutoka Kibingo, aliyeniambia "bibi harusi inua kidevu, geukia kwa mumeo," alikuwa ndiye yeye. Niliambiwa na wifi yangu harusi ikiwa imekwisha. Nikasema picha zilizopigwa na mkono ule haziingii nyumbani kwangu. Na hazikuingia.

"Ulikwenda Kibingo kufanya nini?" niliuliza.

"Unajua nilikwenda kufanya nini."

"Nataka nikusikie."

"Kutafuta picha za marehemu mama yako, Avelina."

Hapo alinigusa kwenye kidonda.

Picha zetu zote tulikuwa tumeziweka kwenye kile kisanduku cheusi kinachochomekwa kwenye kompyuta, kile tulichokiita eksteno. Lilikuwa wazo la Rwezaura. Simu zikijaa, tunahamishia humo, tunafuta kwenye simu. Harusi kama ndugu walivyoipiga kwa simu zao, ubatizo wa Kantengwa, mama akimenya ndizi, mama akiwa amembeba mjukuu, mama kitandani akinikataza nisimpige picha na mimi nikampiga hivyo hivyo. Kisha umeme ukakatika hapa Omurushaka, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Tangu siku hiyo ukiichomeka ile eksteno inagonga gonga ndani kama saa mbovu na haifunguki. Fundi wa Kayanga aliifungua, akaifunga. Ikapelekwa Mwanza. Ikarudi na maneno mawili: pole, dada.

Misa ya kumbukumbu ya mama ilikuwa imekaribia, na baba alikuwa ameniagiza mimi, mtoto wa kwanza, nimtengenezee picha kubwa ya kuweka kwenye fremu. Sijamwambia kuwa sina. Ningemwambiaje? Ukweli wenyewe ni mbaya kuliko hapo: nilikuwa nimeanza kumsahau mama. Kilemba chake nakiona, mikono yake naiona, lakini sura inakuja nusu. Mwanangu akiniuliza bibi alifanana na nani, namwambia alifanana na mimi, kisha nakwenda chooni kulia.

"Kwa hiyo anazo," nilisema.

"Anazo za harusi, zote. Mama yumo. Lakini hakunipa. Alisema aje Avelina mwenyewe."

"Aje Avelina mwenyewe!" Nilisimama. "Nikapige magoti, siyo? Nimkute amekaa kwenye kiti chake, anitazame juu mpaka chini, aseme kumbe uliyachukua maji niliyoyachota ukashindwa hata kuyatunza!"

"Hakusema hivyo."

"Atasema. Na hawa senene?"

"Hao siwezi kukuambia."

"Huwezi?"

"Nimeahidi."

Wanaume wengine Mungu amewanyima masikio. Kwenye nyumba iliyoshika moto, unamwaga neno kama hilo?

"Umeahidi. Umemwahidi Mackrine."

"Sikusema nimemwahidi Mackrine."

"Umemnunulia kitenge cha rangi gani?"

"Avelina, nisikilize kwanza..."

"Nimeuliza rangi."

Alinisogelea. Maji yalikuwa bado yanamtiririka kifuani, na alinitazama na yale macho yake ambayo siku nyingine huwa yanamaliza ugomvi kabla haujaanza. Akanishika mkono. "Mke wangu," alisema polepole, "hakuna mwanamke mwingine. Hajawahi kuwepo tangu nikuone. Ila kuna jambo si langu kulisema. Niamini leo tu."

Nilitaka kumwamini. Moyo ulishaanza kulainika. Kisha ile harufu ya kitunguu ikanijia tena puani.

"Vaa shati," nilisema. "Washa pikipiki. Anataka nije mwenyewe, naenda mwenyewe. Na senene wake nampelekea."

Kantengwa nilimwacha kwa jirani, Mama Xaveri, aliyenitazama usoni akaona asiulize kitu. Siku zote nikipanda pikipiki ya mume wangu namshika kiuno na kumwegemea mgongoni. Siku hiyo nilishika chuma cha nyuma. Mvua ya rasharasha ilitukuta tukiwa tumepita Nkwenda, barabara ikawa utelezi mtupu, na mara mbili tulitaka kuanguka. Sikumshika.

Studio ya Mackrine ilikuwa jirani na duka la dawa za mifugo. Ukutani alitundika pazia lenye picha ya maporomoko ya maji, pale watu wanapojifanya wako Ulaya.

"Wewe baki na pikipiki yako," nilimwambia Rwezaura.

"Mama Kantengwa, tuingie wote."

"Mkitazamana hata kidogo nitaona. Baki."

Njia nzima nilikuwa nimeomba kimoja kati ya viwili: nimkute amechakaa, nipone, au nimkute mrembo, nimchukie kwa amani. Hakuwa hivi wala hivi. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyetulia, miwani imening'inia kifuani, amejifunga kitenge kipya cha kijani chenye ndege. Utulivu wake ndio ulioniuma. Mtu aliyeibiwa hatulii namna ile. Anayetulia ni mwizi aliyekwisha kuficha mali.

"Karibu, Avelina," alisema. "Umelowa. Kaa nikupe kanga ujipanguse."

"Sikuja kukaa." Nikaweka kifurushi juu ya meza yake, karibu na kompyuta. "Chukua senene wako. Mume wangu anakula vya nyumbani kwake."

Alikigusa kile kifurushi kwa vidole viwili, akakunja uso.

"Wamelowa. Umewapitisha kwenye mvua? Sasa mzee atawalaje?"

"Mzee gani?"

Alinitazama. Kisha akatazama nje, mume wangu alipokuwa amejibanza chini ya bati.

"Rwezaura hajakuambia?"

"Kasema ameahidi," nilisema, nikiivuta sauti kumwigiza.

"Kumbe kweli ametunza ahadi." Akaketi taratibu. "Avelina, senene hawa si wa mume wako. Alikuwa ananisaidia tu kuwafikisha Kituntu. Ni wa mzee Cleophace."

Nilicheka. Kicheko kilitoka chenyewe na hakikuwa na furaha ndani yake.

"Baba yangu? Baba yangu ale senene wako kwa lipi?"

Alishusha macho, na mkono wake ukaenda wenyewe ukalainisha kile kitenge mapajani. Kitenge kipya. Kijani, chenye ndege. Na mimi ni mtoto wa huku. Hilo sihitaji kutafsiriwa.

"Hicho kitenge," nilisema, "nani kakununulia?"

"Yeye."

Nilitafuta kiti nikakaa, mimi niliyesema sikuja kukaa. Nimetoka Omurushaka na mvua yote ile kuja kulinda mume, kumbe mwizi kaingilia dirisha la nyumba nyingine! Na ajabu ya wivu ni kwamba haukupungua. Ulihama tu. Ulitoka kwa Rwezaura ukaenda kukaa kwenye kile kiti cha mama kule jikoni Kituntu, ukakikumbatia.

"Mama hajamaliza hata mwaka," nilisema.

"Najua."

"Unajua? Unajua halafu unakaanga senene?"

"Ndiyo maana tulisema hakuna neno mpaka misa ipite. Mzee alitaka akuambie kwa mdomo wake, na alimwomba Rwezaura anyamaze. Nisamehe, leo umelisikia vibaya."

"Vizuri lingesikikaje?" Sauti yangu ilikuwa imepanda. "Umemkosa mume wangu, ukaona umfuate baba yangu? Ukoo mzima lazima upite kwako?"

Mlango ukasukumwa. Rwezaura aliingia akitiririka maji.

"Kuna nini? Avelina?"

"Rwezaura, rudi nje," alisema Mackrine bila hata kumtazama, kama mtu anavyomwambia mdogo wake. "Hatujamaliza."

Na mume wangu akageuka! Nusura nimrushie kiti kwa kumtii. Lakini kabla hajatoka alisimama, akanitazama mimi, mimi tu, macho yamejaa hofu ya kunipoteza. Yule mwanamke alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake na mume wangu hakumwona kabisa. Nililiona hilo. Nililiweka moyoni, nije nilitumie baadaye, siku nitakapokuwa nimemaliza kazi ya hasira.

Mlango ulipofungwa Mackrine alisema, "Baba yako alikuja huku msibani kwa ndugu yake. Akapita hapa kupiga picha ndogo za kitambulisho. Nilipomwandika jina nikamjua, nikamwambia, mzee, pole, mkeo niliwahi kumpiga picha, siku ya harusi ya binti yenu. Akaniomba amwone. Nikamfungulia. Alikaa hapo ulipokaa mpaka chai yake ikapoa. Juma lililofuata akarudi, na hakuwa na shida ya kitambulisho."

"Kwa hiyo ulimwonyesha mama yangu, ndipo ukamchukua."

"Sikumchukua, waitu, ndugu yangu. Anakuja kumzungumzia mama yako. Adelgunda alipenda hiki, Adelgunda alikataa kile. Mimi nasikiliza. Anasema nyumbani hawezi kumtaja kwa sababu wewe unalia, na wewe ukilia na yeye anashindwa kumalizia. Hapa anamtaja mpaka tunacheka."

Hilo ndilo lililonivunja. Baba hajawahi kucheka na mimi tangu tumzike mama. Tunakaa barazani, tunatazama migomba, tunaulizana habari za mvua. Kumbe maneno ya mama alikuwa nayo, ameyajaza tele, anayabeba kwenye pikipiki za kukodi anayaleta Kibingo.

"Na picha hakuchukua?" niliuliza. "Mbona kaniagiza mimi?"

"Nilimpa, akakataa. Alisema ukiiona ukutani utaujua mkono wangu, utaumia. Alisema za kwako zinatosha."

"Za kwangu hazipo."

"Rwezaura aliniambia. Pole sana. Mimi kazi yangu ni picha, uchungu wa hilo naujua."

"Basi kwa nini hukumpa Rwezaura?"

"Kwa sababu aliyezikataa ni wewe. Nilitaka anayezipokea awe wewe."

Akavaa miwani, akanigeuzia kioo cha kompyuta, akaanza kufungua. Nilijiona nikiwa bibi harusi, mwembamba, kidevu juu. Nilimwona Rwezaura na suti yake ya kuazima. Nilikuwa nimejiandaa kukuta kila picha imemwegemea yeye na mimi nimekatwa bega, na nilitafuta kwa bidii, lakini wapi. Alikuwa amenipiga vizuri kuliko nilivyokuwa. Kisha akabonyeza tena, na mama akajaa kwenye kioo.

Mama alikuwa anacheka. Si tabasamu. Anacheka, mdomo wazi, pengo la jino lake liko hadharani. Mama alikuwa anaficha lile pengo maisha yake yote. Hata sisi watoto wake alikuwa anacheka na kiganja mdomoni. Hapa mikono yote miwili ilikuwa imeshika sahani, hakuwa na mkono wa kujifichia. Na macho yake yalikuwa yanamtazama moja kwa moja aliyekuwa mbele yake. Sura nzima ikanirudia mara moja, mashavu, kovu la nyusi, yote, nikaweka mkono kifuani.

"Anamcheka nani?" niliuliza, ingawa jibu lilishaanza kunichoma.

"Mimi," alisema Mackrine, akavua miwani. "Siku ile nilisimama tangu asubuhi. Wa upande wa bwana harusi walinijua, wakanikwepa, hata maji sikupewa. Nilisema moyoni, hii ni kazi, imalize uende. Mama yako akaja na sahani ya ndizi na nyama. Akaniambia, 'Kula, mwanangu. Ukimpiga picha mwanaume aliyekuacha na una njaa, utamkata kichwa.'"

Nilimsikia mama kabisa. Hakuna mwingine Kituntu nzima ambaye angesema vile.

"Nikacheka," aliendelea, "naye akacheka, nikabonyeza."

Kwa hiyo mama alijua. Alijua siku ile ile, akambebea chakula, akampa kicheko ambacho sisi tuliomnyonya hakutupa, akarudi akakaa nami meza kuu bila kuniambia lolote. Nilimwonea wivu Mackrine pale kuliko nilivyowahi kumwonea kwa ajili ya mwanaume yeyote. Ile ndiyo picha nzuri kuliko zote, ndiyo itakayokwenda kwenye fremu, nami nikiitazama maisha yangu yote nitakuwa namwona mama anamtazama Mackrine.

"Niwekee hiyo," nilisema. "Niwekee zote."

Alichomeka flashi, tukasubiri. Mvua ilikuwa imekatika. Aliponipa ile flashi mkononi niliifunika kwa vidole, na maneno niliyokuwa nimeyapanga tangu Omurushaka yakaja ulimini: sasa futa za kwako, futa mume wangu kwenye mashine yako, nione kwa macho yangu. Hata yeye aliyaona yanakuja, akaweka mkono tayari.

"Unataka nifute?"

Nilimtazama Rwezaura kwenye kile kioo, kijana, na suti ya kuazima, akimtabasamia mpiga picha. Moyo uliniambia ndiyo, ndiyo, mara mia. Lakini nilikwisha kujua kinavyouma kitu kikiwa kimoja tu duniani na hicho kimoja kikafa.

"Usifute," nilisema. Nilijisikia kama ninang'oa jino langu mwenyewe. "Zitunze. Ila usiwe unazifungua fungua."

"Nimekusikia," alisema, na hakucheka, na kwa hilo nilimshukuru.

Nilifika mlangoni, nikasimama bila kugeuka.

"Picha ya mama itakaa sebuleni kwa baba. Ukutani, pale unapoingia tu. Siku utakayoletwa nyumba ile, usiitoe."

"Sitaitoa. Nitakuwa naipangusa vumbi."

Nikageuka. Nilikuwa nimemeza mengi siku ile, lakini mkono wake juu ya uso wa mama yangu ulinikaa kooni ukakataa kushuka.

"Usiiguse," nilisema. "Vumbi nitakuwa nakuja kupangusa mwenyewe."

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi."

"Haya," alisema Mackrine kwa upole. "Karibu sana."

Nilikwisha kupanda pikipiki, Rwezaura amekwisha kuiwasha, ndipo lile neno "karibu" likaniingia vizuri. Mwanamke yule alikuwa amenikaribisha kwetu.